Neno la Kwanza la Lubaba

Wamepokea waliotutangulia kutoka kwa waliowatangulia wao, nami sina changu hapa ila kalamu, kwamba katika mji mmoja wa bonde la Hadharamauti aliishi mja mwema aitwaye Sheikh Ghalibu bin Yaqdhani, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alikuwa mtu wa swala nyingi na maneno machache. Watu wa mji walimpenda kwa ukarimu wake na kwa ulimi wake usiojua uongo, na hili la pili tulishike vizuri, maana ndilo lililokuja kumponza.

Sheikh na mkewe, Bi Rabab, walikaa miaka kumi na miwili bila mtoto. Waliomba, wakasubiri, wakaomba tena. Bi Rabab alipokwisha kukata tamaa na kuzigawa nguo ndogo alizozishona kwa mkono wake, ndipo alipopata mimba, ikambidi azishone upya. Akazaliwa binti, wakamwita Lubaba. Siku ya saba walimfanyia akika na kumnyoa nywele, naye alilia kuanzia unywele wa kwanza hadi wa mwisho, watu wakasema mashaallah, mtoto ana kifua. Jino la kwanza lilitoka kwa wakati wake, na cha kwanza kuonja makali yake kilikuwa kidole cha Sheikh. Akatambaa, akasimama dede, akatembea. Lakini kusema hakusema.

Mwaka ulipita, na wa pili ukapita. Lubaba alicheka, alilia, alionyesha kwa kidole, alivuta upindo wa nguo ya mama yake mpaka akaeleweka, ila neno hata moja halikumtoka. Majirani wakaanza kumwulizia kwa ile sauti ya chini ya watu wanaokuhurumia, nayo ni sauti inayouma kuliko matusi. Bi Rabab alimwogesha mwanawe huku machozi yakimtoka, akajifanya ni maji yamemrukia. Sheikh naye akaweka nadhiri: siku binti yake atakapotamka neno la kwanza, atamchinja beberu wake mkubwa, ambaye alimpenda sana, na kuwalisha majirani wote. Na kwa kuwa moyo wa mzazi hauridhiki na kidogo, akaongeza dua kwamba neno hilo liwe jina la Mola wake.

Basi kila baada ya swala ya alfajiri alimpakata na kumwambia taratibu, "Allah. Allah." Lubaba alimsikiliza kwa adabu zote, kisha akamshika ndevu na kumpanua kinywa ili atazame sauti inatokea wapi. Hayo yaliendelea kwa miezi minane.

Sasa nije kwenye lile ambalo Sheikh mwenyewe angependa nilipite kimya. Nyumba yake ilikuwa karibu na soko, na mwenye shida hana saa. Huyu alitaka asomewe barua, yule aandikiwe jibu, na Dhakwani mwoka mikate, aliyegombana na mkewe mara tatu kwa juma, alikuja kusuluhishwa mara nne. Nyiradi za Sheikh, zile dhikiri zake za kila siku, zikawa zinakatika katikati. Akaona atafute hila, na mwenye elimu akitafuta hila haimchukui muda kuipata.

Nyuma ya nyumba palikuwa na zizi la yule beberu, na njia ya kwenda huko ilipita jikoni. Mlango wa mbele ulipobishwa, Sheikh alikunja kanzu, akaruka kizingiti cha jikoni, akajitoma zizini kwa beberu wake, akaendelea na tasbihi. Hapo Bi Rabab, kwa agizo la mumewe, alifungua mlango na kumwambia mgeni, "Hayupo." Na kweli, nyumbani mle hakuwamo. Sheikh aliridhika kwamba uongo haukusemwa na wakati umeokolewa.

Bi Rabab hakuridhika. Siku ya kwanza tu alimwambia, "Baba Lubaba, mguu wako uko nje, nakubali. Nia yako iko wapi?" Sheikh alimjibu kwa hoja tatu ndefu, na Bi Rabab, ambaye alikuwa na chungu motoni, akanyamaza. Waume wengi hudhani kunyamaza huko ni kukubali.

Mtu mmoja aliufurahia mpango ule kuliko Sheikh mwenyewe. Lubaba alikaa pale ukumbini akatazama: mlango unabishwa, baba anakimbia, mama anatamka jambo, mgeni anakwenda zake, baba anarudi na majani makavu kwenye kilemba. Katika nyumba ile yenye utulivu hapakuwa na mchezo mwingine wa kufanana na huo, nao ulichezwa mara nne au tano kwa siku.

Ikawa siku hizo Kadhi wa mji, mzee mchamungu aitwaye Sheikh Humaidi, alifiwa na shahidi wake mwadilifu, yaani mtu anayeaminiwa na baraza zima, ambaye akishuhudia jambo hakuna anayekwenda kuulizia sifa zake. Kila aliyeulizwa nani afaaye kushika nafasi ile alimtaja Sheikh Ghalibu. Habari zilimfikia, akasema yeye hastahili, kama inavyopasa kusema. Lakini babu yake aliwahi kuishika heshima hiyo, na moyoni aliitamani kuliko alivyokiri.

Kadhi hakuwa mtu wa kununua sifa za barazani bila kuzipima. Alasiri moja alikuja nyumbani kwa Sheikh pasipo kutoa habari, akiwa na karani wake na Bwana Shuaibu, mwuza ubani, ambaye hakukosa kuwa nyuma ya mkubwa yeyote aliyepita njiani. Bi Rabab alikuwa juu ya paa akianua tende. Mlango ukabishwa. Sheikh, akiamini kwamba mkono ule ni wa Dhakwani, akakunja kanzu na kukimbia.

Lubaba alitazama ngazi. Mama haji. Mchezo umepungukiwa na mtu mmoja. Akanyanyuka, akaenda mlangoni, akauvuta kwa mikono miwili mpaka ukafunguka, akainua uso kuzitazama ndevu nyeupe za Kadhi, na kwa sauti safi isiyo na kigugumizi akasema, "Hayupo." Na kwa kuwa alikuwa mtoto asiyependa kuacha kazi nusu, akageuka akaonyesha kwa kidole upande wa zizi.

Huko juu sinia la tende lilianguka. Bi Rabab alishuka ngazi hata haijulikani alikanyaga ngapi, akaketi sakafuni mbele ya wanaume watatu, akamkumbatia mwanawe na kulia kwa sauti. Hakukumbuka kuwakaribisha wala kuwasalimu. Lubaba, alipoona neno moja lina nguvu kiasi hicho, akalirudia. Hayupo. Hayupo.

Sheikh aliisikia sauti ile akiwa zizini. Hakuwahi kuisikia ikitamka neno, na bado aliitambua papo hapo. Machozi yakamlenga, na miguu ikataka kumkimbilia mtoto. Kisha akalielewa neno lenyewe, miguu ikasita. Kisha akasikia Kadhi akitoa salamu, akajua kwamba aliyebisha hakuwa Dhakwani.

Ukuta wa zizi ulikuwa mfupi, na shetani hakuchelewa kumwonyesha. Angeuruka, azunguke nyuma ya soko, aje kwa mlango wa mbele kama atokaye msikitini, awapokee wageni, asikie habari njema ya mwanawe na kuishangaa pamoja na watu. Tayari mguu mmoja ulikuwa juu ya ukuta. Ndipo Lubaba aliposema "Hayupo" mara ya nne au ya tano, na Sheikh akatambua kwamba akiuruka ukuta ule, neno la pili mtoto atajifunza palepale alipojifunza la kwanza. Akaushusha mguu. Beberu alikuwa akitafuna upindo wa kanzu yake, akamwachia kipande alichokwisha kukiwahi, akaingia ndani na kilichobaki.

Alimbusu kwanza mwanawe kipajini, kisha akawageukia wageni, majani yakiwa kilembani. Bwana Shuaibu alifanya haraka kumwokoa. Alisema alhamdulillahi, bila shaka Sheikh alikuwa akimkamua mbuzi wake. Kadhi akainama kidogo, akachungulia kupitia jikoni. Beberu alikuwa amesimama kwenye kizingiti na pembe zake na ndevu zake, naye akamtazama Kadhi.

Bwana Shuaibu hakuwa mtu wa tafsiri moja. Akasema kwamba hata hivyo neno la mtoto si neno la bure, ni karama ya wazi. Kwamba binti wa mja mwema amefungua kinywa kwa kuikana nafsi, kwamba haipo ila Mola wake, kabla hajaijua, na kwamba yeye Shuaibu nywele zimemsimama. Karani akatikisa kichwa kwa mshangao na kunong'ona subhanallah. Sheikh hakuhitaji kutamka lolote. Angeinamisha kichwa tu, watu wangesema ni unyenyekevu, na jina lake lingeingia katika daftari la mashahidi wa Kadhi jioni ile ile.

Akasema, "Maulana, mtoto amesema alichofundishwa. Mlango ukibishwa mimi hukimbilia zizini, na mama yake humwambia mgeni kwamba sipo, kwa amri yangu, si kwa kupenda kwake. Jina la Mola nimemfundisha kwa ulimi miezi minane. Hili nimemfundisha kwa miguu, na la miguu ndilo alilolishika."

Kadhi akaegemea bakora yake. "Sheria imekuruhusu kumwambia mgeni: rudi, sasa sina nafasi. Kilikuzuia nini kusema hivyo?"

Sheikh akajipangusa majani kilembani. "Nilitaka faragha ya mtu anayerudisha wageni," akasema, "na sifa ya mtu anayewakaribisha."

Karani alikuwa amekwisha kuchovya kalamu katika wino. Kadhi akamshika mkono. "Usiandike leo," akasema. Kisha akamwambia Sheikh, bila ukali, kwamba kulikiri kosa ni jambo jema na kuliacha ni jambo jingine. Kwamba atarudi siku asiyoitaja, na siku hiyo hatamwuliza mtu yeyote ila shahidi huyu. Akamwonyesha Lubaba, aliyekuwa wakati huo akiilamba ncha ya bakora ya Kadhi.

Kesho yake nadhiri ikatimizwa, na katika watu wote wa nyumba ile ni beberu peke yake aliyelipa kwa shingo. Majirani wakala, na kila aliyeketi aliuliza mtoto amesema neno gani. Sheikh alimsimulia kila mmoja kuanzia mwanzo, zizi na yote, na uso ulimwiva mara arubaini. Dhakwani mwoka mikate aliacha kutafuna. Alihesabu kwa vidole siku alizoambiwa hayupo, vidole vikamwishia, kisha akacheka mpaka akapaliwa na kupigwa mgongoni. Alipopata pumzi aliomba mfupa mwingine uwe fidia yake, akapewa.

Tangu siku hiyo Sheikh alifungua mlango mwenyewe. Alipokuwa na nafasi alikaribisha, na alipokosa alisema, "Rudi baada ya alasiri, ndugu yangu, sasa nimo katika nyiradi zangu." Alidhani watu wangemchukia. Walirudi baada ya alasiri. Dhakwani tu hakuona haja ya kwenda na kurudi, akawa anakaa mlangoni akingoja, na akichoka kungoja huenda kusuluhika na mkewe bila msaada. Ilikuwa tabu, na kuna siku Sheikh alilitazama lile zizi tupu kwa huzuni.

Lubaba naye, alipofunguka, hakufungika tena. Alisema na kuku, alisema na viatu, alisema akiwa usingizini. Bi Rabab, aliyelia miaka miwili kwa kutaka neno moja, akawa anaomba saa moja ya kimya. Na asubuhi moja, akiwa amepakatwa, Lubaba akasema "Allah," bila kuambiwa, huku akicheza na kifungo cha kanzu ya baba yake. Sheikh hakumsimulia mtu. Alimkumbatia tu mpaka jua likapanda.

Ulipotimia mwezi wa tano tangu Kadhi alipokuja mara ya kwanza, mlango ulibishwa, na aliyebisha alikuwa Kadhi na karani wake. Lubaba akawafungulia.

"Baba yako yupo?" Kadhi akauliza.

"Yupo."

Uso wa Kadhi ukakunjuka, akainua mguu avuke kizingiti. Lakini nimekwisha kuwaambia kwamba mtoto huyu hakupenda kuacha kazi nusu.

"Yuko chooni," akasema Lubaba. "Tumbo linamwuma. Mama alimwambia asile lile boga la jana, akala."

Kutoka uani kikasikika kikohozi cha mtu ambaye hana la kukanusha. Kadhi aliegemea mwimo wa mlango akacheka mpaka kilemba kikamlala sikioni, na alipokirudisha alimgeukia karani wake.

"Andika," akasema.

Karani akafungua daftari. "Niandike jina la nani, Maulana, la baba au la binti?"

"La baba," Kadhi akajibu. "Huyu mwingine ndiye ninayemwamini zaidi, ila umri haujafika."

Ndugu zangu, tunahimizana kuwafundisha watoto wetu maneno mema, na ni wajibu. Lakini mtoto hakai akingoja darasa, na lile tunalolifanya tukidhani hatazami ndilo analolihifadhi kwanza. Nilikuwa nimefika hapa katika kuandika, nikitafuta maneno mazuri ya kumalizia, mlango wangu ukabishwa. Nikainua kichwa nimwite mke wangu nimwagize la kusema. Nikamwona mjukuu wangu amesimama pembeni ya meza, ananitazama miguu. Nikaweka kalamu, nikaenda kufungua. Alikuwa jirani yangu Bwana Mcha na ule ugomvi wake wa mpaka wa migomba, akakaa mpaka adhana ya magharibi, na yale maneno mazuri yakanipotea.