Mayai ya Siku ya Kumi na Tisa

Mbacha ni mkeka uliochakaa. Msala ni mkeka mzuri wa kusalia, na huu wa methali unapita tu, kwapani mwa mwenyewe. Anayeutupa wake kwa kuutamani huo, usiku hulala chini. Beverlyne Ayuma aliijua methali hii tangu shule ya msingi. Aliiandikia hata insha, akatuzwa alama thelathini na saba kwa arubaini. Kuielewa kulikuwa jambo jingine, na kulimfika akiwa na miaka ishirini na sita, fundi wa kompyuta aliyeaminika, mbele ya mashine ya kutotoa vifaranga huko Bukura.

Mashine yenyewe ilikuwa kabati kubwa la mbao, mali ya kikundi cha akina mama. Joto lake liliongozwa na kompyuta kuukuu yenye mfumo wa Linux. Ndani ya kompyuta hiyo mlikuwa na kadi ya zamani iliyopima joto la kabati, kisha ikawasha au kuzima taa za kupasha mayai. Kila mama alileta mayai ya kuku wake wa kienyeji, akayaandika jina lake kwa penseli na kuyapanga katika trei yake.

Mwenyekiti wao, Teresa Muhonja, alikuwa ameweka mayai tisini. Wiki moja baada ya kuyaweka, ugonjwa wa kideri ulipita kijijini ukafagia kuku wake wote, hata jogoo. Mbegu yake nzima sasa ilikuwa ndani ya maganda hayo. Siku ya kumi na tisa, zikibaki mbili tu yaanguliwe, alipita kuyatazama asubuhi na mapema, kama mtu anayemjulia hali mgonjwa.

Wiki hiyo kompyuta ilikuwa imeganda mara mbili, kwa hivyo Beverlyne aliitwa kuipandisha daraja. Kazi kubwa ilikuwa kutengeneza upya kerneli, yaani moyo wa mfumo, ile sehemu inayozungumza na kila kifaa. Moyo huo hutengenezwa kwa kufuata faili la mipangilio lenye maelfu ya mistari, kila mstari ukisema kifaa gani kitambuliwe na kipi kiachwe. Fundi wa awali, mzee Phineas Osundwa, aliyestaafu akarudi kulima mahindi Mautuma, alikuwa ameacha faili lake. Desturi ya kazi ni kulichukua faili hilo la zamani na kulihamishia katika toleo jipya.

Beverlyne alilifungua akacheka. Hakuna kitu kilichomvutia maishani kama kujua kitu hiki ni cha nini, na mistari mingi pale hakuijua. Ilikuwa na majina ya vifaa vya zamani kuliko yeye. Asichokijua hakutaka kukibeba, akaona heri aanze upya kwa mipangilio mipya, safi, iliyokuja na toleo lenyewe. Na kwa kuwa diski ilikuwa ndogo, akafuta kerneli ya zamani pamoja na faili lake. Majuto ni mjukuu, lakini huyu hakusubiri hata kuzaliwa mtoto.

Kompyuta iliwaka upesi kuliko ilivyowahi kuwaka. Beverlyne alitabasamu. Kisha akaona nambari ya joto kwenye kipimo cha mlangoni ikishuka: thelathini na saba, thelathini na sita, thelathini na tano. Taa hazikuwaka. Alichungulia orodha ya vifaa, na kadi haikuwemo. Kwa kerneli hiyo mpya, kadi ilikuwa kipande cha bati tu.

Aliona aibu. Angeweza kusingizia stima, na nani angemshika? Lakini Teresa alikuwa amesimama pale pale.

"Mama, nimeharibu," akasema. "Taa zimezima kwa sababu yangu."

Teresa aliangalia trei yake. Hakumfokea. Aliwaambia wenzake walete mablanketi na chupa za maji moto, wakalifunika kabati kama mtoto mwenye homa. Kisha akamgeukia Beverlyne.

"Sisi tutashikilia joto. Wewe tafuta mwenye alitengeneza hii kitu. Mayai haingojangi mtu."

Beverlyne alimpigia simu Osundwa, akamweleza yote bila kuficha. Akamwomba amtajie mstari mmoja tu, ule unaoitambulisha kadi.

"Siukumbuki," mzee akajibu. "Nilihangaika na hiyo kadi wiki mbili. Nilipopata, nikaandika kwa faili, nikasahau. Mimi husahaunga, faili ndiyo hukumbukanga."

Bahati nzuri alikuwa na nakala, akamtumia kwa barua pepe. Alimwelekeza alihamishie faili hilo kwenye toleo jipya. Programu ingeyashika majibu yote ya zamani na kumuuliza mapya pekee. Akamsihi asipoteze muda, kila swali akubali jibu linalopendekezwa.

Maswali yalikuwa mia na kumi na mawili. Beverlyne alibonyeza, akabonyeza, hadi swali moja likamshika mkono. Liliuliza kama anataka kadi za upimaji za kizazi cha zamani. Pendekezo lilikuwa hapana. Alitaka kujua kwa nini swali hilo ni jipya ilhali kadi ni kongwe, akasoma maelezo yake. Kumbe katika toleo hili kadi za aina hiyo zilikuwa zimefungiwa nyuma ya mlango mmoja. Ukisema hapana, mstari wa Osundwa unatupwa kimyakimya. Akajibu ndiyo. Udadisi uliomponza asubuhi ndio uliomwokoa mchana, maana hata mkeka wa zamani hukung'utwa na kutazamwa kabla ya kutandikwa.

Saa nane mchana taa ziliwaka. Joto lilikuwa limeshuka hadi thelathini na mbili, na hakuna aliyejua ndani ya maganda mlikuwa na nini. Beverlyne hakwenda kwao Mayoni siku zilizofuata. Alilala kwa Teresa, akala obusuma, ugali wa huko, bila kusikia ladha.

Asubuhi ya siku ya ishirini na mbili, kwa kuchelewa, trei ya Teresa ililia kwanza. Kati ya mayai tisini, sitini na moja yalianguliwa. Teresa aliyahesabu yale ishirini na tisa yaliyonyamaza, akayaweka kando taratibu, na Beverlyne akalia waziwazi. Teresa akamwekea kifaranga kimoja kiganjani, bado kibichi, kikitetemeka.

"Shika," akamwambia. "Hii ndiyo boma yangu."

Ndipo Beverlyne alipoielewa ile insha yake ya alama thelathini na saba: usiache mbachao kwa msala upitao.