Kwa Nini Kobe Haitiki Akiitwa

Mwenye kucheka acheke sasa, maana huko mbele hakuna kicheko.

Kobe mnayemwona leo, mwenye gamba la vipande vipande na shingo ya kuchungulia kwa kuibia, hakuwa hivi. Zamani gamba lake lilikuwa moja, laini kama kibuyu kilichopakwa mafuta, na kichwa chake kilishinda nje kutwa nzima. Tena alikuwa na sauti. Hakuwa msemaji, kwa kuwa hata enzi hizo haraka haikuwa kazi yake, lakini jua likizama alivuma wimbo mzito wa puani, na watoto wakalala. Hakukaa porini. Alikaa ndani ya nyumba, pamoja na watu.

Katika kijiji kimoja cha bondeni, penye migomba mingi, ilikuwa desturi kila mtoto akizaliwa aletewe kobe mchanga. Bibi mzaa mama ndiye aliyemleta, pamoja na kapu la udongo mweusi kutoka chini ya migomba yake. Udongo ule ulimwagwa katika shimo kando ya kitanda cha mtoto, ukachanganywa na makumbi na majani makavu, na hapo ndipo kobe alipolala. Haukubadilishwa, ulinyunyiziwa maji tu. Mtoto akifa, kobe wake aliondoka siku hiyo hiyo, na hakuna aliyemzuia.

Ndani ya udongo waliishi wadudu weupe, wadogo kuliko chembe ya ulezi. Walikula ukungu, walikula uozo na kinyesi cha kobe, wala hawakumgusa mtu. Watu waliwaona na kuwapuuza, kama tunavyopuuza vumbi kwenye mwanga wa mlango.

Mwanamvua alikuwa mjane aliyezika watoto wawili. Mara mbili alimtazama kobe akivuka kizingiti chake bila kugeuka nyuma. Alibaki na Chausiku peke yake, binti ambaye bado hajafika umri wa kutumwa kisimani. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Mwanamvua aliujua kupita alivyotaka.

Mwaka mmoja masika ilishuka ikakataa kuondoka. Kuta zilitoa jasho, kuni ziligoma kuwaka, na wadudu wale wakazaana mpaka juu ya udongo pakawa kama pamemwagika unga, unga unaotembea. Ndipo Chausiku aliposhikwa na homa. Mama yake alimkanda, akamnywesha maji ya majani machungu, homa ikashuka na kupanda tena. Naye kobe alivuma pale pembeni mchana na usiku, shingo imeelekea kitandani.

Jirani yao, Bi Somoe, mfugaji wa kuku, alikuja kumjulia hali mgonjwa. Alipoinama shimoni alirudi nyuma akishika kanga yake.

"Mwenzangu, huu si utitiri huu? Ndio uliomaliza kuku wangu wote mwaka juzi. Na wewe unamlaza mwana kando yake!"

"Hawa wamekuwepo siku zote, dada."

"Hata kuku wangu nilisema hivyo hivyo. Utitiri dawa yake majivu ya moto. Usingoje kuzika tena."

Hilo neno la mwisho ndilo lililomchoma. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na Mwanamvua alikuwa ameumwa mara mbili. Hakujiuliza: kama utitiri hunyonya damu, mbona kobe hajatokwa na tone hata moja? Asubuhi iliyofuata alikwenda jikoni moja kwa moja, hata kwa mwanawe hakupita, akakoka moto kwa kuni mbichi huku machozi ya moshi na machozi yake mwenyewe yakichanganyika. Makaa yalipoiva aliyakusanya na majivu yake katika kigae kikubwa, akaingia nacho ndani.

Kobe alipoona kigae akaacha kuvuma.

"Mama Chausiku," alisema, "hao si utitiri. Hao wanakula uozo ili usitule sisi. Tafadhali, mama, waache."

"Nyamaza. Wewe una gamba. Mwanangu hana."

Akamwaga. Kobe angeweza kupanda ukingo akatoka, maana shimo halikuwa refu. Badala yake alijilaza kifudifudi, akatandaza miguu, ili wadudu watakaowahi wapate kujificha chini yake. Majivu na makaa yalimwangukia mgongoni. Gamba likapasuka kwa mlio wa chungu kilichotiwa maji baridi, mstari huku na mstari kule. Alipofungua kinywa kulia alivuta majivu, na koo lake likaungua. Kilichotoka ilikuwa pumzi tu.

Mwanamvua aliweka kigae chini, akageukia kitanda. Chausiku alikuwa amekaa. Macho yake yalikuwa maangavu, paji la uso limepoa.

"Mama, nilikuita kabla hujaenda jikoni," alisema mtoto. "Homa imeniacha tangu alfajiri. Nilikuwa nataka uji."

Mwanamvua alisikia kila neno. Akaketi pale pale sakafuni, kati ya mtoto mzima na kobe aliyeungua.

Kabla hajainuka, Bi Somoe alikuwa mlangoni. Alimwona mtoto, akaliona shimo linafuka moshi, akapiga kigelegele. Wanawake walikusanyika. Walimshika Mwanamvua mikono, wakamwita mama shujaa, yeye ambaye siku zote walimtazama kwa huruma na kumnyamazia akipita. Wakamuuliza: ni majivu yaliyomponya? Jibu la kweli lilikuwa kinywani mwake. Lakini hakuwahi kuitwa mama aliyeokoa mtoto, na jina lile lilikuwa tamu. Akatikisa kichwa kukubali.

Siku hiyo kila jiko lilitoa moshi. Kila nyumba iliyokuwa na kobe ilimwaga majivu, na kijiji kizima kikanuka udongo ulioungua. Wadudu waliisha, isipokuwa wachache waliobebwa chini ya matumbo ya kobe. Kisha, kwa kuwa hapakuwa na wa kuula, ukungu ukaja. Uliota mashimoni, ukapanda miguu ya vitanda, ukashika mikeka. Watoto wakaanza kukohoa, na safari hii hapakuwa na wimbo wa kuwalaza. Watatu walizikwa kabla masika haijakatika. Bi Somoe alimzika mjukuu wake, naye akaja kulia begani kwa Mwanamvua, katika nyumba waliyoiita ya bahati. Hata hapo Mwanamvua hakusema kweli.

Kobe wote waliondoka. Walitoka wakati mmoja, mchana, ingawa watoto wao walikuwa bado hai, wakaelekea porini huku mvua ikiwapiga kwenye mipasuko yao.

Chausiku alimfuata wake mpaka ukingoni mwa shamba. Alimwita kwa jina la utani alilompa, jina lililokuwa likimfanya anyooshe shingo hata akiwa usingizini. Kobe alisimama. Mtoto alifurahi, akachuchumaa, akanyoosha mkono. Na kobe, kwa mara ya kwanza tangu kuumbwa kobe, alivuta kichwa akakiingiza ndani.

"Mama, mbona haniitiki?"

Mwanamvua alikuwa nyuma yake. Alimtazama yule mnyama, akamtazama binti yake.

"Hasikii, mwanangu," alisema. "Majivu yalimziba masikio."

Na tangu siku hiyo kobe huishi peke yake na hujichimbia udongo wake mwenyewe. Gamba lake halijaunga, na ukimshtua hutoa pumzi ile ile ya koo lililoungua. Wadudu weupe wangali wakiishi anapolala, na ukifukua kidogo tu mwanga ukawapiga, hurukaruka na kutawanyika kwa hofu. Mwenye kumfuga kobe uani asiwamwagie kitu wadudu hao. Akibadilisha udongo, na abakize konzi mbili za ule wa zamani.

Nanyi mkimkuta njiani msimwite. Anasikia vizuri sana.