Kengele Iliyoamriwa Kunyamaza

Hapo zamani, wala si zamani ya fisi na sungura, ni zamani ya juzi tu ya kompyuta, palikuwa na zahanati mlimani yenye friji moja ya chanjo. Nasimulia nikiwa na hasira, kwa hiyo msinikatize.

Kijana mmoja, Mwakio, aliiandikia zahanati programu kwa Python, lugha ya kompyuta. Kazi yake ilikuwa moja: kuangalia joto la friji, na likipanda, kompyuta ilie. Aliiandika kwake kwenye Windows, akaijaribu, ikalia, akaitoa bure. Tukamshukuru.

Kisha kompyuta ya zahanati ikazeeka, Windows ikaielemea. Fundi Righa akaiwekea Linux, mfumo mwingine ulio mwepesi. Programu ikakataa kufunguka, maana ilikuwa ikitafuta sauti kwa njia iliyoko Windows pekee. Righa alikuwa na haraka zake. Badala ya kuitafutia njia nyingine, akaiandikia: sauti ikikosekana, nyamaza, endelea. Programu ikafunguka, tarakimu zikang'aa, watu wakapiga makofi. Makofi ya nini, sijui.

Na Sista Wakesho, muuguzi mwenye funguo za friji? Awali alikuwa akisoma kipimajoto kwa macho yake kila asubuhi. Alipoletewa kompyuta, akaacha. Alisema mashine haichoki.

Friji ikaharibika. Programu ikaona, ikaandika kwa rangi nyekundu, ikataka kulia, ikanyamaza kama ilivyoamriwa. Wakesho alikuwa chumba cha pili akipima watoto uzito, akingoja kengele. Siku ya chanjo nikafika na mjukuu wangu mgongoni, nikaambiwa dawa yote imeharibika. Na surua ilikuwa imeshaingia kijiji cha pili.

Daktari mkuu akawaita wote watatu mbele yetu. "Mmoja wenu hatakanyaga hapa tena," akasema.

Mwakio akasema, "Mimi nilishona nguo kwa mwili niliouona. Nani aliniambia mtabadilisha mashine?"

Righa akamjibu, "Na nani alikuambia dunia nzima ina mashine kama yako? Nilikuta programu yako imekufa, nikaifufua."

"Ukaifufua bubu, na hukuniambia," akasema Wakesho. "Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Sawa, Sista. Na macho yako nayo niliyabadilisha mimi?" akauliza Righa.

Righa akaketi, akaandika mistari michache tu: programu itazame kwanza iko kwenye mashine gani, ndipo itafute sauti ya mashine hiyo. Ikalia. Ikalia vizuri kabisa, mbele ya friji yenye dawa iliyooza. Kumbe ilikuwa kazi ndogo hivyo.

Mjukuu wangu akazinduka kwa kelele ile, akalia naye. Nikamshika shingo kumtuliza. Ilikuwa ya moto.

Haya, nyinyi mnaotikisa vichwa. Yuko aliyeandikia mashine yake peke yake, yuko aliyeficha kosa, yuko aliyeacha kutazama. Je, nani afungashe virago?