Hodi katika Pango la Wanyang'anyi

Mji wa Tarashishi ulitawaliwa na Sultani Muhadhari, mtu wa haki kiasi na wa hasira tele, na nyuma ya mji palikuwa na jabali, na ndani ya jabali pango ambalo wanyang'anyi walilifanya maficho miaka saba, hata askari wakawamaliza. Lakini pete ya muhuri ya Sultani, waliyoiiba, haikuonekana. Askari waliingia pangoni mara tisa, na mara zote wakatoka na mavi ya popo vichwani. Basi akakamatwa Shekue, mchunga punda, kwa kuwa wanyang'anyi walimlazimisha kuwabebea mizigo, na Sultani akaapa, "Pete isipofika kabla ya sala ya Ijumaa, atakatwa kichwa."

Lahaula! Na Shekue alikuwa mchumba wa Mwanaheri, msusi wa mikeka. Binti wa watu akalia hata macho yakavimba, na Alhamisi asubuhi akapanda jabali. Mlangoni mwa pango akavua viatu, akasimama kando kama alivyofunzwa na mamake, asichungulie ndani.

"Hodi!" Kimya. "Hodi wenyewe!" Kimya. Mnacheka? Chekeni. Hodi ya tatu ikamtoka na kilio, na kwa kuwa asiyejibiwa mara tatu hurudi kwao, akageuka aondoke.

"Karibu, mwanangu," ikasema sauti.

Akaingia, akamwona jini mzee ameketi juu ya jamvi bovu, ndevu zimelowa machozi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Naitwa Kharatumi, na hii ni nyumba yangu tangu jabali hili lilipokuwa kichuguu. Wanyang'anyi waliingia bila hodi, na askari bila hodi, na mimi mwenye nyumba nikawa kama sipo. Ndipo nikaficha kila kitu machoni pao. Wewe wataka nini?"

"Nataka Shekue wangu aishi, babu, na bila pete ya Sultani atakatwa kichwa. Nami nitakusukia jamvi jingine, hili limeoza."

Jini akacheka, akampa pete.

Sultani akamfungua Shekue, kisha akauliza habari za mali nyingine walizoiba wanyang'anyi. Mwanaheri akapiga magoti, akasema, "Ewe maulana, pango lina mwenyewe, naye ataka hodi tu. Hata askari wako walipokuja kumchukua Shekue, walivunja mlango uliokuwa wazi."

Sultani akaona haya, maana tangu azaliwe hakuwahi kupiga hodi mahali popote.

Akapanda jabali kwa miguu, akavua makubadhi, akakohoa. "Hodi," akasema, kwa sauti nyembamba hata waziri nyuma yake hakuisikia. Kimya. "Hodi!" Kimya. Jua likamchoma utosi. "Hodi, mwenye nyumba. Nimekuja kukuomba radhi."

"Karibu," akajibu Kharatumi. "Mbona umechelewa?"

Walioibiwa wakarudishiwa mali zao, na zilizokosa mwenyewe zikawa mahari ya Mwanaheri, na harusi ikafanyika palepale pangoni, na Sultani akapiga marufuku askari kuingia nyumba ya mtu, hata ya fukara, bila hodi. Nawe ukipita jabali lile, hata uwe na haraka gani, usichungulie kwanza. Mle mna mtu, na jamvi lake ni jipya.