Wakwe Watatu na Kiti cha Bi Sikudhani

Hapo zamani, si zamani ile ya mababu, zamani ya juzijuzi tu, wakati harusi zimekwisha anza kupigwa video lakini video zenyewe zinachelewa kuliko watoto, palikuwa na mjane mmoja mjini Morogoro akiitwa Bi Sikudhani. Kazi yake ilikuwa kupiga picha za harusi, kisha kuzikatakata na kuziunga kwenye kompyuta mpaka ziwe sinema ya kuangalia sebuleni. Mumewe alimwachia vitu viwili: duka hilo, na kiti.

Kiti chenyewe hakikuwa cha kawaida. Kilikuwa cheusi, cha ngozi, chenye magurudumu matano, na ukikikalia ukajisukuma kidogo tu, kinakuzungusha ukaona kuta zote nne bila kugeuza shingo.

Bi Sikudhani alikuwa na mabinti watatu, mabinti walikuwa na waume watatu, na waume wote watatu walikitaka kile kiti. Hakuna aliyesema. Mtu na haya zake haombi kitu kwa mama mkwe. Lakini kila aliyekuja kusalimia alipita karibu nacho akakipapasa mgongo, kama anayechagua ng'ombe mnadani.

Ijumaa moja kompyuta ilitoa moshi, ikanuka kama maandazi yaliyoungua, ikazima. Fundi akaja, akaifungua, akasema vitu vitatu vimekufa. Pawa saplai, inayoilisha mashine umeme. Ramu, ambayo mashine huitumia kushika kazi iliyo mkononi. Na kadi ya picha, ambayo bila hiyo video huenda mwendo wa kinyonga.

Msiba ulikuwa huu. Harusi ya mjukuu wa Bibi Kidawa wa Kihonda ilikuwa mle ndani. Ilikuwa imefungwa mwaka juzi. Maharusi walikwisha zaa, mtoto ameota meno, na video bado. Bibi Kidawa alikuwa ametuma salamu kwamba Ijumaa inayofuata atakuja mwenyewe, na asipoiona harusi yake ataweka mkeka mlangoni pa duka na kumsimulia kila mteja anayeingia. Wote waliomjua walijua kwamba atasimulia vizuri.

Bi Sikudhani akawaita wakwe zake.

"Wanangu," akasema, "kila mmoja nampa fedha ya kifaa kimoja. Nileteeni kabla ya Ijumaa. Atakayenunua kwa akili kuliko wenziwe, kile kiti ni chake."

Mwinjuma, mume wa binti mdogo, alikuwa fundi cherehani. Yeye alipewa pawa saplai. Alivuka barabara, akaingia duka la ng'ambo, akauliza bei, akalipa bila kupunguziwa hata senti, akarudi. Waliokuwa wanakunywa chai hawakuwa wamemaliza vikombe. Shemeji zake walicheka mpaka wakashikana mabega, na Bi Sikudhani mwenyewe aliinama kama anayetafuta kitu sakafuni. Mwinjuma hakuona haya. Alisema yeye nguo ya mtu huikata siku inapoletwa.

Fundi akaifunga pawa saplai ile, akachomeka na kipande kidogo cha ramu kuukuu alichokiazima kwenye sanduku lake. Kompyuta ikawaka. Iliwaka kama mgonjwa aliyeamshwa anywe dawa, ikisimama kila baada ya dakika tano, lakini iliwaka. Bi Sikudhani akaanza kukata harusi jioni ile ile.

Kibwana, mume wa binti mkubwa, alikuwa muuza mitumba. Yeye alipewa kadi ya picha. Imani yake ilikuwa kwamba bei ni kama uji, huiendei ingali moto. Jumamosi akapanda basi mpaka Dar es Salaam, akafika Kariakoo, akaikuta kadi inauzwa laki tatu. Hakununua. Aliulizauliza, akasikia kwamba kadi za toleo jipya ziko bandarini, kontena linangoja kutolewa. Akajua kwamba mpya zikifika, hii itapoa. Akatafuta benchi mbele ya duka, akakaa.

Siku ya kwanza akakaa. Siku ya pili akakaa. Siku ya tatu mwenye duka akaanza kumwita jirani. Siku ya nne mwenye duka alipokwenda kuswali adhuhuri alimwachia duka, na Kibwana akauza kibodi mbili na waya. Siku ya tano mteja mmoja alikataa kuhudumiwa na mwenye duka, akasema anamtaka yule mzee wa kwenye benchi. Mkewe alipompigia simu kuuliza, alijibiwa neno moja tu: bado. Siku ya sita, Alhamisi asubuhi, kontena likafika, na kadi ikashuka hadi nusu ya bei. Kibwana akainuka, akalipa, akaagana na majirani zake wa mtaa mzima, akakimbilia basi.

Pazi, mume wa binti wa kati, alikuwa refa wa mpira, na nguvu zake zote zilikuwa miguuni. Yeye alipewa ramu. Imani yake ilikuwa kwamba bei ya kweli hujificha, na huipati ila kwa kutembea. Naye akaenda Kariakoo. Akaingia duka la kwanza, akauliza, akaandika kwenye daftari, akatoka. Akaingia duka la pili, akauliza, akaandika, akatoka. Aliingia maduka arobaini na moja. Wengine walimpa soda, wengine walimfukuza, na mmoja alimdhani mtu wa kodi, akafunga duka na kukimbia akaacha chai yake inafuka. Siku ya tatu soli ya kiatu cha kulia ilibaki barabarani.

Alipolinganisha bei zote, aliona kwamba duka lenye nafuu kuliko yote ni lile la kwanza.

Akarudi huko Jumanne, akiburuta mguu, akaliweka daftari mezani ili apumue. Mwenye duka akalifunua. Akasoma ukurasa wa kwanza, akasoma wa pili, akaketi. Mlikuwa na bei za washindani wake wote arobaini, na majina yao, na kiasi ambacho kila mmoja hukubali kupunguza akibembelezwa. Akamwuliza Pazi daftari hilo analiuza kiasi gani. Pazi akasema yeye anataka ramu tu. Wakabadilishana papo hapo. Jioni Pazi alifika Morogoro amevaa kandambili, ramu mkononi, na fedha ya mama mkwe nzima mfukoni, kwani hata nauli alijilipia.

Ramu ilipofungwa, kompyuta ikaacha kusimamasimama. Bi Sikudhani akakata, akaunga, na Alhamisi alasiri akamaliza. Lakini alipoiamuru mashine ikusanye vipande vyote viwe sinema moja, iliandika kwamba kazi hiyo itachukua siku kumi na moja. Watu wakatazamana. Bi Sikudhani alikuwa ameanza kuwaza atamwekea Bibi Kidawa kivuli upande gani, ndipo Kibwana akaingia, jasho linamtoka, kadi ameifunga ndani ya kofia. Fundi akaichomeka. Siku kumi na moja zikawa saa tatu.

Ijumaa Bibi Kidawa akaja na mkeka wake. Akakaa, akaitazama harusi mpaka ngoma ilipoanza. Sasa, kwa miaka miwili wifi yake alikuwa akitangaza Kihonda yote kwamba Bibi Kidawa alianguka akicheza, na watu walimwamini wifi. Video ikaonyesha kwamba aliyeteleza ni wifi, na Bibi Kidawa ndiye aliyemdaka.

"Rudisha hapo," Bibi Kidawa akasema.

Wakarudisha. Alirudishiwa mara tisa. Kisha akajifuta machozi kwa upindo wa kanga, akaagiza nakala kumi na mbili, kila jirani na yake, na ya wifi iwekwe kwenye kasha zuri.

Alipoondoka, wakwe watatu wakabaki wamesimama, na kiti katikati yao.

Kibwana akasema, "Mama, bila kadi yangu leo tungekuwa mlangoni tunamsikiliza bibi. Nami sikuinunua kwa papara. Nilikaa siku sita, nikakurudishia nusu ya fedha yako."

Mwinjuma akamjibu kwamba kama kontena lingechelewa siku moja, angerudi na benchi.

Pazi akasema, "Mimi nilitembea mpaka kiatu kikafa. Fedha yako imerudi yote, mama. Kuna akili gani ya kununua inayoshinda kutonunua?"

Kibwana akasema kwamba wale wafanyabiashara arobaini walimtajia bei kwa nia njema, wengine wakampa na soda, naye siri zao akazibadilisha na ramu. Hiyo ni akili, akasema, ila hata mwizi anayo.

Mwinjuma akasema, "Ninyi mlipata bei, mimi nilipata wakati. Mama alikata harusi siku saba kwa sababu yangu. Vingekuja vyenu peke yake, mngevichomeka wapi?"

Pazi akamkumbusha kwamba Jumatano lile duka la ng'ambo lilitundika tangazo, pawa saplai nusu bei, na kwamba hata mtoto anaweza kuvuka barabara akalipa anachoambiwa.

Bi Sikudhani akakikalia kiti ili aamue. Akamgeukia Kibwana, akaona ana haki. Akamgeukia Pazi, akaona ana haki. Akamgeukia Mwinjuma, akaona naye ana haki. Akazunguka tena, akazunguka tena, mpaka kichwa kikamzunguka pia, akaomba maji.

Bado amekaa. Mabinti hawasemezani, na wakwe hawataki kwenda kula. Nanyi mliokaa hapa mkinisikiliza, mnunuao na mnaongoja bei ishuke, semeni, msinichekee tu: yule aliyengoja, yule aliyezunguka, na yule aliyevuka barabara akalipa, je, nani alistahili kiti?