Kopo la Mama Iddy

Misuli ya Hajira ilikuwa inaisha. Ugonjwa ulianzia mapajani, ukapanda mabegani, mpaka akawa hawezi kutoka kwenye mkeka bila kunyanyuliwa kama gunia la mahindi. Pale kijijini Kwamsisi wengi walisema karogwa. Daktari kule Korogwe alisema ugonjwa hauna tiba, ila kuna unga unaitwa kreatini, ule wanaokunywa wanyanyua vyuma. Ukiunywa kila siku na kunyoosha viungo, nguvu kidogo hurudi.

Mwanawe Iddy, mkata mkonge, akaagiza kopo kubwa Dar.

"Mama, kijiko kimoja kila siku. Na usimpe mtu."

Hazikupita wiki nyingi Hajira akainuka mwenyewe, kashika ukuta, akasali wima. Iddy akatoka nje, akajifanya anatafuta jembe. Kesho yake akarudi mashambani.

Tatizo, habari haikai ndani. Alikuja Rukaya, jirani anayemtekea maji.

"Dada, kiuno kinaniua. Nionjeshe tu."

Utamnyimaje mtu anayekutekea maji? Akampa. Akaja Sabiri, mdogo wa marehemu mumewe, ndiye aliyempeleka hospitali kwa bodaboda yake.

"Shemeji, na mimi nataka kifua cha wanyanyua vyuma. Au unaogopa nitakuzidi?"

Hajira akacheka, akampa. Wakaja wenye magoti, wakaja wenye mgongo. Kila mmoja alichota kidogo, akaacha dua nzuri, na wengine walirudi.

Iddy aliporudi, kijiko kiligonga kopo tupu.

"Nani kamaliza?"

"Hakuna aliyemaliza, mwanangu. Kila mtu kachukua kidogo."

"Si nilikwambia?"

"Uliniambia. Lakini wewe uko mkongeni. Mimi huku nani ananishika?"

Iddy akaagiza kopo la pili, mvua zikakata barabara, likakwama njiani muda mrefu. Lilipofika, ugonjwa ulikuwa umeshatangulia. Hajira alishika ukuta, akajivuta, vidole vikateleza. Akajaribu tena. Miguu ikamkataa.

Rukaya ndiye aliyemdaka.

"Pole, dada. Mbona juzi juzi ulikuwa unasimama vizuri?"

Hajira akamwangalia, akaomba asogezewe mkeka asali amekaa. Hajasimama tena mpaka leo. Hakuna aliyemwibia, na wote walimpenda. Lakini chovya chovya humaliza buyu la asali.