Kama Mwanangu

Jamani, niwape?
— Tupe.
Nikiwapa mtapokea?
— Kwa mikono miwili.

Basi hapo kale, katika mji mmoja wa bara, palikuwa na mfinyanzi akiitwa Bi Mwantumu. Hakuwa na mume, wala hakujaliwa mtoto. Alikuwa na nyumba ya vyumba viwili, na nyuma ya nyumba alikuwa na shimo la udongo mwekundu, laini, usiopasuka motoni. Mji mzima ulipikia vyungu vyake.

Ukaja mwaka wa njaa. Watu wakapita njiani wakitafuta chakula. Mmoja wao alikuwa mwanamke mgonjwa, amebeba mtoto mgongoni. Akaegemea ukuta wa Bi Mwantumu apumzike, asiinuke tena. Mtoto akabaki. Bi Mwantumu akamchukua, akamwogesha, akamnywesha uji, akampa jina la Siwema.

Siwema akakua. Akafundishwa kukanda udongo, akafundishwa kufinyanga, akafundishwa kuchoma. Akamwita Bi Mwantumu mama. Bi Mwantumu alikuwa na kaka yake mmoja, Makungu, aliyekaa ng'ambo ya mto. Huyo ndiye Siwema aliyemwita mjomba.

Miaka ikaenda, Bi Mwantumu akaugua. Akaugua, akaugua, akajua haponi. Akamwita jirani yake, Bi Kidawa, awe shahidi, akasema kwa sauti ndogo: "Nyumba hii na shimo la udongo namwachia Siwema kama mwanangu." Akanywa maji kidogo, akafumba macho.

Makungu alikuja matangani. Watu wakalia, wakala, wakaondoka. Makungu hakuondoka.

"Funga mizigo yako," akamwambia Siwema. "Nyumba ni ya dada yangu, na ndugu yake ni mimi peke yangu."

"Mama ameniachia mimi."

"Kwa maneno gani?"

Siwema akamtajia. Makungu akayarudia polepole, kama mtu anayeonja mchuzi. Kisha akatabasamu. "Kama mwanangu. Basi kesho twende kwa Jumbe, tukaliangalie hilo neno." Huyo Jumbe ndiye aliyekuwa akiamua kesi za mji.

Jioni ile Bi Kidawa akaja jikoni kwa Siwema. "Mwanangu, shahidi ni mimi tu. Hilo neno 'kama' naweza kulimeza. Nitasema alisema 'mwanangu', basi. Nani atajua?"

Siwema akachochea moto. Nyumba alikuwa akiitaka. Hakuwa na pengine pa kwenda. Mwishowe akasema: "Usilimeze, Bi Kidawa. Ni maneno ya mwisho ya mama. Sitaki yapunguzwe hata moja."

Mnasikia hapo? Mngekuwa ninyi, mngelimeza au msingelimeza? Haya, tuendelee.

Asubuhi wakakutana barazani. Bi Kidawa akasema yote aliyoyasikia, neno kwa neno. Makungu akasimama.

"Jumbe, nimesimama hapa kama ndugu wa marehemu. Mmesikia wenyewe. Hakusema mwanangu, amesema kama mwanangu. Mwezi huwa kama sinia, nani amewahi kupakua wali juu yake? Meno ya mtu huwa kama maziwa, nani amewahi kuyanywa? Na huyu ni kama mwana. Kilicho kama kitu, si kitu chenyewe."

Watu wakatazamana. Jumbe alimwonea huruma binti, lakini maneno yale aliyaona yana uzito. Akauliza: "Siwema, una la kusema?"

"Nina swali kwa mjomba. Umesema umesimama hapa kama nani?"

"Kama ndugu wa marehemu."

"Na Jumbe amekaa pale kama nani?"

"Kama mwamuzi wetu."

"Basi kama kilicho kama kitu si kitu chenyewe, wewe si ndugu wa mama, na Jumbe si mwamuzi. Turudi nyumbani sote, hapa hapana kesi."

Baraza likacheka. Jumbe naye akacheka mpaka akafuta macho. Makungu hakucheka. "Hiyo ni kama nyingine," akasema. "Mimi ni ndugu kweli. Hiyo ni kama ya kutaja mtu ni nani."

"Ndiyo, mjomba. Iko kama ya sinia na mwezi. Iko kama ya sharti, kama mvua ikinyesha. Na iko hiyo yako. Mama alitumia ipi?"

"Hayupo, hatuwezi kumwuliza."

Jumbe akainua mkono, wakanyamaza. "Makungu, wewe upo, acha nikuulize wewe. Huyu binti hukuitaje?"

"Huniita mjomba."

"Tangu lini?"

"Tangu alipojua kusema."

"Naye akikuita, wewe huitika?"

Makungu akatazama chini. Akafungua mdomo, akaufumba. Akafungua tena, akaufumba. Mara ya tatu akasema: "Huitika."

"Mjomba ni kaka wa mama," Jumbe akasema. "Umeitika miaka yote hiyo. Nyumba ni ya mtoto, na udongo ni wake."

Watu wakatawanyika. Makungu akabaki amekaa peke yake, haendi kwake wala popote. Siwema akamrudia.

"Mjomba, huendi nyumbani?"

"Nyumba gani?" akasema Makungu. "Mto ulifurika, ukaizoa. Nimekuwa nikilala ghalani kwa watu. Niliona haya kusema."

Siwema akachuchumaa mbele yake. Hasira ilikuwa imempanda tangu jana, akaisikia ikishuka. "Ungesema hivyo siku ya matanga, tungeshamaliza."

"Ningekuombaje, nawe ni mtoto?"

"Mtoto wa nani, mjomba?"

Makungu akamtazama. "Wa dada yangu," akasema.

Siwema akambebea furushi lake, wakaenda. Akampa chumba cha mbele. Wiki ile ile Makungu akashika jembe, akaanza kumchimbia udongo. Alikuwa mvivu kidogo, nisiwadanganye, na alinung'unika sana juu ya mgongo wake. Lakini mpwa wake alipomwita aje kula, aliitika mara ya kwanza.

Hadithi imefika kwake, imefunga mlango. Utamu wake mwende nao.
— Twende nao.
Na kasoro zake?
— Tumekuachia wewe.

Haya, nimezipokea.